Maswali Pembeni mwa Ubao

Tangu darasa la kwanza mpaka la nne sikuwahi kuandika sentensi iliyotoka kichwani mwangu, wala sikumjua mtoto aliyewahi. Kwetu sisi kuandika kulikuwa ni kunakili. Darasa la kwanza tuliandika mchangani, nje, upande wa kivuli, kila mmoja na kijiti chake. Mwalimu alipita nyuma yetu akisema "ba", nasi tukaitikia "ba" huku tunaichora, na kama tumbo la herufi limekaa vibaya aliifuta kwa kandambili akasema rudia. Darasa la tatu tukapewa madaftari, na kalamu ya risasi iliyokatwa katikati ili iwatoshe wawili.

Halafu ikaja insha. Mwalimu aliiandika ubaoni yote, mwanzo hadi mwisho, kwa mwandiko mzuri uliolala kidogo. "Ng'ombe ni mnyama wa kufugwa. Ana miguu minne na mkia mmoja. Hutupatia maziwa, nyama na ngozi." Sisi tukainakili. Siku ya mtihani ubao ulifutwa na tukaiandika upya kwa kukumbuka. Aliyesahau mkia alichapwa. Mimi nilikuwa hodari wa ng'ombe, ingawa nyumbani hatukuwa na hata mmoja.

Baada ya ng'ombe tukafundishwa "Kijiji Chetu". "Kijiji chetu ni kizuri. Watu wa kijiji chetu hupendana na hushirikiana." Tuliinakili msimu ule ule tuliohamishwa kutoka ng'ambo ya mto Kavuu na kupangwa mistari mistari kando ya njia ya Majimoto, wakati nyumba nyingi bado hazijaezekwa na majirani hawajajuana majina. Hakuna aliyeona kasoro. Insha ilikuwa kitu cha ubaoni, na yaliyo nyumbani yalibaki nyumbani.

Nilipoingia darasa la tano akaja mwalimu mpya wa Kiswahili. Alikuwa msichana, hakuwazidi sana umri dada zetu wakubwa, ametoka chuoni, na lafudhi yake ilitujulisha kwamba kwao ni mbali. Aliteremka kwenye lori lililokuja kuchukua mchele, ana sanduku la bati na taa ya chemli aliyoishika mkononi kama mtoto mchanga. Siku ya kwanza aliingia darasani, akafuta "Kijiji Chetu" iliyokuwa imekaa ubaoni tangu muhula uliopita, kisha akaandika pembeni maneno yaliyoshuka kama ngazi: Nani? Wapi? Lini? Kwa nini? Ulijuaje?

"Haya hayafutwi," alimwambia kiranja. Kisha akatugeukia. "Leo mtaandika insha. Kichwa chake ni 'Jana Nyumbani Kwetu'."

Tukashika kalamu, tukangoja. Naye akangoja. Mwisho kiranja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hujaandika."

"Sijaandika nini?"

"Insha."

"Insha mnaandika nyie. Mimi jana sikuwepo kwenu."

Hakuna aliyecheka. Tulitazamana kwa pembe za macho. Nakumbuka niliangalia mlango kuona kama mwalimu mkuu anapita, maana nilidhani huyu dada amekosea na atakuja kuelekezwa. Kengele ililia karatasi zikiwa nyeupe, isipokuwa za wachache walioandika kwamba ng'ombe ni mnyama wa kufugwa.

Jioni nikamweleza baba. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anasuka kamba, na kofia yake ya ukindu iliyozeeka iko kichwani kama kawaida. Baba hakujua kusoma. Alikuwa mkulima wa mpunga na mahindi, mtu wa kanisa, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na tabia ya kurudia neno la mwisho la mtu kabla ya kulijibu.

"Kwenu," alisema. "Anataka kujua ya kwenu."

"Anataka tuandike."

"Ameuliza nini na nini?"

Nikamtajia yale maneno ya pembeni mwa ubao. Nani. Wapi. Lini. Kwa nini. Ulijuaje. Mikono yake ikaacha kusuka. Mwaka mmoja nyuma askari wa wanyamapori walikuta mguu wa nyati kwa jirani yetu, wakawachukua wanaume kadhaa kwenda kuhojiwa Mpanda, na baba alikuwa mmoja wao. Walimrudisha bila kosa, lakini hakusahau.

"Hayo ni maswali ya polisi," alisema. "Yote. Kwa mpangilio huo huo."

Mama akatoka jikoni. Wakatazamana, nami nikajua wanafikiria kitu kimoja, kwa sababu hata mimi nilikuwa nakifikiria. Walikuwa wanamfikiria bibi.

Bibi, mama mzazi wa baba, alikuwa hajahama. Wakati mgambo walipokuja kutuhamisha, na kuondoa mapaa ya nyumba ili mtu asirudi, yeye alisema anakwenda kuchota maji, akaingia kwenye matete, akabaki huko hadi malori yalipoondoka. Akajitengenezea makao kwenye dungu la kulindia mpunga, lile jukwaa la miti tulilokuwa tunakaa kufukuza ndege, akaendelea kulima shamba lake kama kwamba hakuna kilichotokea. Mwenyekiti wa kijiji aliambiwa bibi amekwenda kwa binti yake Mwese. Kila baada ya siku chache baba au mama alivuka mto na chumvi, kiberiti na dawa ya kifua. Kujulikana kwamba mtu wako amebaki kwenye mahame ilikuwa ni kosa, na baba alikwishaona maana ya kuitwa kwenye ofisi.

"Ukiambiwa andika," baba aliniambia, "andika hivi. Tulikula ugali na mlenda, tukasali rozari, tukalala. Basi. Usiongeze."

Kumbe si baba yangu peke yake. Kila nyumba ilikuwa na chake. Kuna aliyeficha nyama pori, kuna aliyewauzia wachuuzi mpunga usiofika kwenye ghala la kijiji, kuna aliyekuwa na mke wa pili ambaye padri hakuarifiwa. Mwalimu aliporudia insha ile ile wiki iliyofuata, tuliinamia madaftari kwa bidii iliyomfurahisha, akawa anapita kati ya madeski huku anatabasamu. Kesho yake hakutabasamu. Alisimama na rundo la madaftari mezani, akasoma moja, akasoma la pili, akasoma la tatu. Darasa zima lilikuwa limekula ugali na mlenda, limesali rozari, limelala. Hata mtoto wa mwenye duka, ambaye baba yake alikuwa Mwislamu aliyekuja kutoka Tabora na ndiye aliyekuwa akiadhini pale kijijini.

"Wewe," mwalimu alimwita. "Na nyie kwenu mnasali rozari?"

Mtoto akatazama meza. "Juzi tulisali, mwalimu."

Sasa ikawa zamu yake kutushuku. Alidhani tunaangaliziana. Akatutenganisha, wengine akawaketisha chini kwenye pembe za darasa, na mmoja akamweka nje dirishani. Haikusaidia, tuliandika mlenda ule ule. Ndipo akaanza wino mwekundu. Chini ya kila insha aliandika swali. "Mlenda ulipikwa na nani?" "Mlilala wapi?" "Kwa nini hamkuzungumza kabla ya kulala?" Na ilibidi kila swali lijibiwe kwa maandishi siku inayofuata. Nilibeba daftari lile nyumbani kama mtu aliyebeba nyoka kwenye kapu.

Kijijini wakaanza kumchunguza. Mwanamke aliyekuwa akimchotea maji alisema kila jioni mwalimu anawasha chemli, anakaa mezani na kuandika, karatasi nyuma ya karatasi. Mwingine alimwona akimkabidhi dereva wa lori bahasha nene. Mtu mmoja, sijui alitoa wapi, akasema mchumba wake ni polisi Mpanda. Habari hiyo ya mchumba ilishika kuliko zote. Wanawake waliacha kumpelekea mboga. Alipopita njiani watu walimsalimu vizuri sana, kwa heshima iliyozidi, halafu wakanyamaza mpaka apotee. Sisi watoto tuliiga. Nilikuwa napenda sauti yake anaposoma, na nilikuwa nazipenda kucha zake safi, na bado nilikuwa namwogopa.

Siwezi kueleza vizuri kwa nini niliandika insha ya kofia. Nadhani nilichoka na mlenda. Mwalimu alikuwa ametupa kichwa cha habari chepesi, "Kitu Nilichokiona Asubuhi", na asubuhi ile kweli nilikuwa nimeona kitu. Kuku wetu mwekundu alikuwa ameingia ndani, akaikuta kofia ya baba imeangushwa kwenye kona, akaikalia na kutaga humo. Mama alipotaka kumtoa, alivimba na kumdonoa. Nikafikiri, kuku hana kosa, kuku hawezi kumpeleka mtu Mpanda. Nikaandika. Niliandika jinsi alivyojigeuza kabla ya kukaa, na jinsi yai lilivyokuwa na joto, na jinsi mama alivyosema baba atavaa kofia yenye harufu ya mama aliyejifungua.

Mwalimu aliisoma mbele ya darasa. Alipofika kwenye mama kudonolewa, mtu akacheka, kisha wengine, kisha hata mwalimu. Nilijisikia joto masikioni. Ilikuwa mara ya kwanza kuona kwamba kitu kilichotokea kwenye kona ya nyumba yetu kinaweza kutembea kwenye karatasi na kuwafikia watu ambao hawakuwepo. Sikuwa nimejua kwamba hiyo ndiyo kazi ya insha. Hakuna aliyekuwa ametuambia.

Akanirudishia daftari. Chini alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Nzuri sana. Lakini siku hiyo baba alikwenda wapi bila kofia yake?"

Baba alikuwa amevuka mto alfajiri kwenda kwa bibi, na kofia aliiacha kwa makusudi, kwa kuwa kila mtu aliifahamu kwa mbali. Kati ya maswali yote duniani, yule dada alikuwa amechagua lile moja. Nilimtazama mezani kwake. Alikuwa anachonga kalamu, ametulia. Nikasema moyoni, ni kweli basi, anajua.

Nikajibu: "Alikwenda kutafuta kuni."

Kesho yake chini yake kulikuwa na wino mwekundu tena. "Kwenu baba ndiye anayetafuta kuni?"

Nilisema naumwa tumbo na sikwenda shule. Na ndani ya wiki ile ile mgambo wakavuka mto, wakarudi na bibi amekaa juu ya mkokoteni wa ng'ombe, na magodoro ya majani na vyungu vyake, ametazama mbele kama mtu anayekwenda harusini. Mbele alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, fimbo begani, akimweleza kila aliyekutana naye kwamba ameugundua moshi wa bibi kwa macho yake mwenyewe.

Baba aliitwa ofisini kwa mwenyekiti. Akapewa adhabu ya kuchimba vyoo vya shule, akarudi. Hakunipiga. Laiti angenipiga. Alisimama mlangoni akaniambia, "Lete daftari."

Nikalileta. Akalishika kichwa chini miguu juu, akalitazama, akanirudishia.

"Soma."

Nikasoma insha ya kofia yote.

"Sasa soma ile uliyoandika."

"Ndiyo hiyo, baba."

"Ndiyo hiyo. Na mimi nitajuaje kama ndiyo hiyo?"

Nilikuwa nimesoma miaka minne, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akinitazama kwa fahari nikimsomea majina kwenye magunia. Sasa aliona kwamba yote yale alikuwa anaamini tu. Akachukua daftari akaenda nalo kwa katekista, ambaye alikuwa nje ya nyumba yake na wanaume wengine. Nilimfuata kwa mbali. Katekista akavaa miwani, akasoma kwa sauti ile ile anayosomea masomo ya Jumapili. Kuku, kofia, yai, mama anadonolewa. Wale wanaume walijizuia, kisha wakashindwa. Mmoja alilazimika kusimama. Baba, na kofia ile ile kichwani, hakujua aivue au aiache.

Kisha katekista akafika kwenye wino mwekundu. "Siku hiyo baba alikwenda wapi bila kofia yake?" Akageuza ukurasa. "Kwenu baba ndiye anayetafuta kuni?"

Kicheko kikakatika.

"Kuni," alisema baba. Akafunga daftari. "Mmesikia wenyewe."

Asubuhi alikwenda nami shule. Alisimama mlangoni mwa darasa hadi mwalimu alipotoka, na mwalimu mkuu naye akaja haraka kutoka ofisini, maana alimjua baba si mtu wa kuja shule.

"Shikamoo, mzee," mwalimu alisema.

"Marahaba. Mwalimu, nimesikia unataka kujua nilikwenda wapi. Nimekuja. Niulize mwenyewe."

Mwalimu alinitazama, akalitazama daftari mkononi mwa baba, nikaona anaelewa.

"Mzee, mimi sitaki kujua ulikwenda wapi. Nilitaka mtoto aone kwamba msomaji atauliza."

"Msomaji atauliza. Msomaji gani?"

"Yeyote atakayesoma."

"Yeyote ndiye nani, mwalimu? Mtaje."

Nafikiri chuoni hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Nyuma yake, ndani ya darasa, maneno yale yalikuwa bado pembeni mwa ubao: Nani, Wapi, Lini. Mwalimu mkuu, mtu wa amani ambaye alitaka vyoo vyake vichimbwe bila ugomvi, akaingia ndani, akachukua kitambaa, akayafuta. Akasema kuanzia sasa insha zitatoka kwenye vichwa vilivyozoeleka. Mwalimu hakubisha. Alirudi mezani, akachukua chaki, akaanza kuandika kwa mwandiko wake wa wima: "Ng'ombe ni mnyama wa kufugwa." Chaki ilivunjika mara mbili kabla hajafika kwenye mkia.

Nyumbani baba hakusema nami isipokuwa kwa lazima. Chumvi iko wapi. Funga mbuzi. Bibi alipewa chumba changu na mimi nikahamia jikoni, na kila nilipoingia chumbani kuchukua nguo zangu bibi alinitazama kwa macho ambayo sikuyaelewa.

Wakati huo kijiji kilikuwa na kisomo cha watu wazima. Kilifanyika darasani mwetu alasiri, na baba alikuwa hajawahi kukanyaga huko. Alikuwa akijiandikisha kwa balozi na kwenda shambani. Sasa akaanza kwenda. Mama alimuuliza imekuwaje.

"Nakwenda kumwangalia," alisema.

Maana aliyepangiwa kukifundisha alikuwa mwalimu yule yule. Nilipita dirishani siku moja nikamwona baba amekaa deski la mbele kabisa, magoti yamepanda karibu na kidevu, anamkazia mwalimu macho bila kupepesa, kama mtu anayelinda ngedere wasiingie shambani. Mwalimu anasema "ba", wazee na akina mama wanaitikia "ba", baba haitikii. Lakini mkono wake ulikuwa unaandika. Nilishangaa jinsi mkono ule mkubwa ulivyoishika kalamu, kwa ncha za vidole, kama kwamba itauma.

Alijifunza upesi kuliko wenzake wote. Mwalimu alimsifu, na sifa ile ikamfanya azidi kumshuku. "Kwa nini ananisifu mimi?" alimuuliza mama. Hata hivyo kabla ya mavuno aliweza kusoma majina kwenye magunia bila mimi, akisogeza kidole, akipumua kwa nguvu. Kisha akaniomba daftari, akakaa nalo mlangoni penye mwanga, akaanza kusoma insha zangu moja moja tangu ya kwanza. Ilimchukua siku nyingi. Alipitia mlenda wote na rozari zote. Akafika kwenye kofia. Aliisoma mpaka mwisho, akarudi mwanzo. Nilikuwa napepeta mchele na sikuthubutu kumtazama.

"Hapa," alisema. Lilikuwa neno la kwanza alilonipa bila haja ya chumvi wala mbuzi. "Umesema kuku mwekundu."

"Ndiyo, baba."

"Hakuwa mwekundu. Mwekundu alichukuliwa na mwewe kabla. Ni yule mwenye shingo wazi."

Nilifikiri. Alikuwa sahihi. Mwenye shingo wazi angepunguza uzuri wa insha, na bila kujua nilikuwa nimembadilisha.

"Sasa kama kuku si kweli," baba alisema, "na mengine?"

Tangu hapo alisoma kila nilichoandika. Hata insha za kunakili alizikagua. "Ana mkia mmoja," alisoma, akaguna, akatikisa kichwa kama mtu aliyetarajia uongo akaukosa. Mimi nikaanza kuangalia kwa makini kabla ya kuandika, nikijua kuna mtu mlangoni atakayepinga. Sijui kama lile lilikuwa somo alilotaka mwalimu. Lilinifikia kwa njia hiyo.

Lakini nje ya daftari bado hakunisemesha, na bibi ndiye aliyevunja ukimya. Ilikuwa mchana, tunachambua maharage uani, baba ametoka shimoni kwenye vyoo na udongo mpaka nyusi. Alinipita, akasema na mama, hakusema nami. Bibi akaweka ungo chini.

"Huyu mtoto umemfanya nini?"

"Sijamfanya kitu, mama."

"Humsemeshi. Nimekaa hapa tangu nije, naona."

"Yeye anajua."

"Anajua nini? Ni mimi niliyemwita balozi."

Baba akasimama. Udongo ulikuwa unamdondoka mikononi.

"Alikuwa anapita anatafuta ng'ombe wake," bibi alisema. "Nikamwita kutoka juu ya dungu. Nikamwambia nimechoka. Tembo walikuwa wamelala chini yangu, nimekaa huko juu mpaka jua linawaka sina hata maji. Nikamwambia waje wanichukue na mkokoteni."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Nikuambie nini? Nilisema siondoki. Nirudi kwa miguu yangu kila mtu ananitazama? Bora nikamatwe."

Nikamtazama baba, nikidhani sasa mambo yamekwisha. Baba alimwangalia mama yake kwa muda, kisha mimi, kisha mama yake tena.

"Unamkingia," alisema.

"Mimi?"

"Unampenda, ndiyo maana unamkingia."

Bibi akacheka mpaka akakohoa. Baba alikwenda kumuuliza balozi, na balozi, aliyekwishapongezwa mkutanoni kwa kuugundua moshi, akaapa kwamba hakuitwa na mtu. Kwa hiyo jambo halikuthibitika. Lakini jioni ile baba aliniita kwa jina, akaniambia nimletee maji ya kunawa, na nilipomwagia alisema, "Polepole, unanimwagia viatuni," kwa sauti yake ya zamani. Mama alisikia kutoka jikoni. Nilimsikia akiacha kusonga ugali, kisha akaendelea.

Kuhusu mwalimu, mpaka leo sina ushahidi wa upande wowote. Baadaye nami nilikwenda chuo cha ualimu, na huko nikafundishwa kuuliza maswali yale yale, kwa mpangilio ule ule, kutoka kwenye kitabu cha kawaida kabisa. Zile bahasha nene huenda zilikuwa za mama yake. Nilipokuwa mwalimu ugenini nami niliandika kila jioni, kwa upweke tu. Lakini nilizaliwa katika nyumba ile, na siwezi kuapa. Alihamishwa wakati wa mvua zilizofuata. Hatukuambiwa kwa nini, na watu wale wale waliosema ni mpelelezi wakasema sasa ameondolewa kwa kuwa hakuleta habari za kutosha.

Kabla hajaondoka ulikuja mtihani wa kisomo. Msahihishaji alitoka Mpanda kwa gari, akakaa mezani kwa mwalimu, na wanakisomo wakaingia mmoja mmoja. Sisi watoto tuliruhusiwa kusimama madirishani. Baba alisoma kipande cha habari kuhusu mbolea bila kukwama. Akaandika imla. Kisha msahihishaji akamwambia, "Sasa mzee, andika sentensi yako mwenyewe. Chochote kuhusu nyumbani kwako."

Baba alishika kalamu. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yake, mikono nyuma, amejikaza. Baba alimtazama msahihishaji, akatazama gari nje, akatazama karatasi. Alikaa hivyo hata nikadhani amesahau herufi. Kisha akaandika, polepole, na kuweka nukta kwa nguvu mpaka meza ikatikisika.

Msahihishaji akaisoma kwa sauti. "Kwangu wote wazima."

"Basi?" aliuliza.

"Basi," alijibu baba.

Mwalimu alifunika mdomo kwa mkono. Msahihishaji aliweka alama ya vema, akampa mkono, akamwita mwingine.

Tulirudi pamoja kwa njia ya mashambani. Baba alikuwa mbele, mimi nyuma, na mpunga ulikuwa umeinama pande zote mbili. Tulipopita kisima akapunguza mwendo hadi nikamfikia.

"Ile karatasi yangu," alisema, "wameipeleka wapi?"

"Sijui, baba. Mpanda, nadhani."

"Mpanda. Na huko anaisoma nani?"

"Sijui."

Akatembea kidogo, akageuka tena kuniangalia, uso wake umejaa mashaka na, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kitu kilichofanana na furaha.

"Unadhani wataielewa?"

Nikamwambia mwandiko wake unasomeka vizuri. Akaitikia kwa kichwa, akarekebisha kofia, tukaendelea na njia.